Haki ya Mgonjwa juu ya Mwenziwe

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Tumeletewa katika darasa yetu masuala mawili, na yote mawili yatoka hospitalini. La kwanza ni la mume ambaye mkewe amelazwa kwa maradhi ya figo, na wiki zimegeuka kuwa miezi. Ameambiwa na mtu wa msikitini kwake kwamba vitabu vya fiqhi havimlazimishi mume kumlipia mkewe daktari wala dawa, na kwa hivyo ana ruhusa kumrudisha kwao mpaka apone. Auliza: je, ni kweli? La pili ni la mke. Mumewe amelala wadini, mkono mmoja una sindano ya maji, naye mke ndiye amtawadhishaye. Lakini kila amshikapo, ngozi hugusana na ngozi, na udhu hutanguka kwa madhehebu yetu ya Kishafii. Mume amechoka kutawadha mara tatu kwa sala moja, na sasa ameacha kusali.

Twayajibu pamoja, kwani asili yao ni moja. Watu wamejifunza hukumu za ndoa ya walio wazima, na ndoa ya mgonjwa hawakufundishwa.

Mwaka wa 2 wa Hijra (624), Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina kwenda Badri, binti yake Bibi Ruqayya alikuwa mgonjwa. Mumewe alikuwa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Mtume alimwamrisha Uthman abaki amuuguze mkewe, na akamwahidi kwamba atakuwa na ujira wa mtu aliyehudhuria Badri na fungu lake katika ngawira. Khabari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na aliyeieleza ni Ibn Umar (R.A.), alipomjibu mtu aliyetaka kumtia Sayyidna Uthman ila kwa kutokuwako vitani siku ile.

Tuitazame vyema khabari hii. Madina haikukosa wanawake wa kumkalia mgonjwa, lakini Mtume hakusema kuwa uuguzi ni kazi ya wanawake na mwanamume aende zake. Alimbakisha mume. Tena Uthman hakumponya mkewe. Bishara ya ushindi ilipofika mjini, watu walikuwa wamekwisha kuusawazisha udongo wa kaburi la Bibi Ruqayya. Wala fungu lake halikupunguzwa kwa kuwa mgonjwa amekufa. Ujira ulikuwa ni wa kukaa naye.

Katika pwani yetu hakuna asiyeusikia Utendi wa Mwana Kupona. Bibi huyu aliutunga mwaka 1858, naye mwenyewe ni mgonjwa, kumuusia binti yake jinsi ya kumtumikia mume. Ni utendi wa heshima na sisi twaupenda. Ila twashangaa kwamba wasia wa mke kwa mume umehifadhiwa vifuani mwa watu zaidi ya miaka mia na sitini, na khabari ya Uthman na Ruqayya, ambayo ni ya Mtume, mara chache huisikia ikitajwa katika khutba ya nikaha.

Sasa tuje kwa mtu wa msikitini. Hakuzua. Ni kweli kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu, na Minhaji ya Imam Nawawi ni kimoja katika hivyo, ujira wa tabibu na thamani ya dawa havikuhesabiwa katika nafaka iliyo fardhi juu ya mume. Maulamaa walimfananisha mume na mpangaji wa nyumba: mpangaji hulipa kodi, lakini ukuta ukianguka, kuujenga si juu yake. Hayo yamesemwa. Lakini kitabu hicho hicho, pale pale, kimesema kwamba chakula cha mke na kitoweo chake katika siku za ugonjwa ni haki yake juu ya mume. Basi ugonjwa haukuivunja nafaka, na anayesema kuwa kitabu chamruhusu mume kumrudisha mkewe kwao ili asimgharimie amekisoma kitabu nusu.

Na nusu aliyoisoma nayo yataka kuangaliwa. Maulamaa wale waliishi zama ambazo tabibu aliitwa mara moja kwa mwaka, akapiga chuku au akatoa dawa ya mizizi, akaenda zake. Hawakuona mtu ambaye figo zake zimekufa naye yuaishi miaka kwa mashine. Kwa mgonjwa kama huyo dawa si jambo la kuongeza raha. Ni kama chakula, bali ni zaidi, kwani aweza kukaa bila ya kula siku nyingi kuliko awezavyo kukaa bila ya mashine yake. Sheikh Wahba Zuhaili wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, ameliandika jambo hili katika kitabu chake kikubwa cha fiqhi: kwamba haja ya dawa leo imekuwa kama haja ya chakula, na kwamba haiwi ni wema mume kustarehe na mkewe katika uzima wake kisha amrudishe kwa babake atibiwe anapougua. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Nisaa, aya ya 19, tukae na wake zetu kwa wema. Twamwuliza huyo mtu wa msikitini: kama hili ni wema, ubaya ni upi?

Kwa hivyo jibu letu kwa muulizaji ni hili. Mlipie kwa kadiri ya uwezo wako, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila iwezalo. Kama huna, kukopa si aibu, na kuwaomba ndugu zake wakusaidie si aibu, na zaka yafaa kutumika kwa fakiri aliyeelemewa na matibabu. Tangu Oktoba 2024, ambapo Mamlaka ya Afya ya Jamii ilishika mahali pa ile bima ya NHIF, mke asiye na pato huandikishwa pamoja na mumewe. Mume aliyepuuza kumwandikisha mkewe, au aliyeacha kulipa, kisha akasimama hospitalini kulalamika juu ya qadari, na ajihesabie nafsi yake kwanza.

Lakini fedha si uuguzi wote. Tuendelee na maradhi haya ya figo, kwani yameenea katika miji yetu pamoja na sukari na presha, ambazo ndizo sababu zake mbili kubwa. Kazi ya figo ni kuchuja uchafu na maji yaliyozidi na chumvi katika damu. Zikishindwa, damu husafishwa kwa mashine: hutolewa mwilini kwa mpira, hupitishwa katika chujio, ikarejeshwa. Kila safari huchukua kama saa nne, na kawaida yake ni mara mbili au tatu kwa wiki, wiki zote za umri, ila mtu apate figo ya kupandikizwa. Mgonjwa hutoka hapo amechoka, pengine ana kichefuchefu, pengine presha imeshuka hata asiweze kusimama. Huyu yuahitaji mtu wa kumngoja, na mtu huyo ajue mambo.

Ajue, kwa mfano, kwamba dafu ni khatari. Sisi watu wa pwani mgonjwa yeyote twamletea madafu, na ndizi, na tende, na twaona tumefanya hisani. Vitu hivi vina madini ya potasiamu kwa wingi. Mwenye figo nzima huitoa katika mkojo, lakini aliyeharibikiwa na figo humbakia katika damu, na ikizidi huweza kuusimamisha moyo ghafla. Maji nayo hupimwa. Mgonjwa huona kiu kikali na hupewa kadiri ndogo kwa siku, na chumvi huizidisha kiu. Mkono ule uliotengenezwa mshipa wa mashine haupimwi presha wala haudungwi sindano ya kawaida, wala haulaliwi. Haya yote daktari huyasema mara moja kwa haraka, na mgonjwa aliyechoka huyasahau. Mume au mke mwenye kumpenda mwenziwe huyauliza, huyaandika, kisha husimama mlangoni kuwapokea shangazi na wajomba waliokuja na madafu yao, awashukuru kwa adabu, na madafu wayanywe wao.

Kuna khabari nyingine ambayo haina budi kutajwa. Katika maradhi ya mwisho ya Mtume (S.A.W.), mwaka wa 11 wa Hijra (632), jamaa zake walitaka kumtia dawa kinywani kwa upande wa shavu. Aliwaashiria kuwa hataki. Wao wakadhani ni ile karaha ya kila mgonjwa kwa dawa, wakamtia. Alipozindukana aliwakasirikia, akaamrisha kwamba kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile naye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakuwako. Bukhari amelipokea hili kwa Bibi Aisha (R.A.). Watu hulisoma wakacheka, na kweli lina uchangamfu ndani yake. Lakini fundisho lake ni zito. Mgonjwa mwenye akili ni mwenye kauli juu ya mwili wake, hata wale wampendao mno wasiitoe kauli hiyo mikononi mwake.

Na leo twafanya nini? Daktari amwita mume nje, amwambia kuwa mkewe ana saratani, na nyumba nzima yajua ila mwenye ugonjwa. Aulizapo huambiwa ni vidonda vya tumbo. Au huamuliwa na wazee usiku kwamba atolewe hospitalini apelekwe kwa mganga akapungwe pepo, naye hakuulizwa, na mke au mume hunyamaza kwa kuwaogopa wakwe. Kisha mgonjwa hurejeshwa baada ya mwezi, na maradhi yamevuka pale yalipokuwa yakitibika. Mtume aliulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaambia wajitibu, na akawafahamisha kwamba hakuna ugonjwa alioushusha Mungu ila ameushushia dawa, isipokuwa uzee. Anayetaka kisomo basi asome yeye mwenyewe kando ya kitanda. Bibi Aisha alikuwa akimsomea Mtume sura za kujikinga na kumpangusa kwa mkono wa Mtume mwenyewe, kwa kutaraji baraka zake. Mke ndiye aliyesoma. Hakulipwa, wala hakuitisha kuku mweusi.

Wako pia wadhanio kuwa subira ni kunyamaza. Mgonjwa akiugulia huambiwa akumbuke Mungu, kana kwamba amemsahau. Siku moja Bibi Aisha aliumwa na kichwa akalia kwa maumivu, na Mtume, naye ameanza kuugua yale maradhi ya mwisho, alimjibu kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kulia na kichwa. Mume na mke wapigania kichwa cha nani chauma zaidi, na mmoja wao ni Mtume! Nabii Ayyub (A.S.) naye alimlilia Mola wake kuwa madhara yamemgusa, kama ilivyo katika Surat Anbiyaa, aya ya 83, na juu ya hayo amesifiwa kwa subira. (Zile hadithi za mabuu na za kutupwa jaani, ambazo watu huzisimulia kwa Ayyub, hazimo katika Qurani wala katika hadithi sahihi ya Mtume, na hazielekei daraja ya Manabii.) Mwenzi mwema husikiliza. Halazimiki kuwa na jawabu.

Na mwuguzi naye ni mwanadamu. Mke aliyelala juu ya benchi nje ya wadi usiku saba, kwa kuwa wadi ya wanaume haimruhusu kulala ndani, akirudi kwake hukuta watoto wanangoja chakula na wifi anauliza mbona nyumba haikufagiwa. Jamaa wanaotaka thawabu ya kumzuru mgonjwa wataipata pia kwa kupeleka sufuria ya wali nyumbani kwake.

Tumefika kwa suala la pili. Twaanza na lililo wazi: sala haimwondokei mgonjwa maadamu akili yake iko, lakini namna yake hubadilika. Imran bin Huswain (R.A.) alikuwa na bawasiri akamwuliza Mtume, naye akamfundisha asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Maji yakimdhuru, atayamamu. Abu Dawud amepokea kwa Jabir khabari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akajiotea, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Walimwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume alipopata khabari alisema kuwa wao ndio waliomwua, na akawalaumu kwa kutouliza jambo wasilolijua. Kwa hivyo wale wazee wa wadini wamhimizao aliyepasuliwa ajitie maji juu ya bandeji wajihadhari.

Ama kuguswa na mke. Maulamaa wamekhitalifiana tangu zama za masahaba katika aya ya kugusana na wanawake. Ibn Abbas (R.A.) aliifasiri kuwa ni kuingiliana, na Ibn Masud (R.A.) kuwa ni kugusa hata kwa mkono. Imam Shafii alishika kauli hii ya pili, na Imam Abu Hanifa ya kwanza. Imam Malik, naye ni mwalimu wa Imam Shafii, alisema kuwa kugusa hutangua udhu kukiwa kwa matamanio. Na Bibi Aisha ametueleza, katika Bukhari, kwamba akilala mbele ya Mtume usiku naye Mtume akisali, na nyumba haina taa, Mtume akitaka kusujudu humbonyeza miguu naye akaikunja. Mashafii wamejibu kwamba huenda palikuwa na nguo baina yao. Yamkini.

Basi mke huyu ana njia mbili. Ya kwanza haimtoi katika madhehebu yake hata hatua moja: avae glavu. Hospitali imejaa glavu, na kizuizi kikiwako udhu hautanguki kwa kauli ya Shafii mwenyewe. Hata kitambaa chatosha. Na ajue pia kwamba nywele na kucha na meno si katika vitanguavyo. Ya pili, asipopata cha kuzuia, au ikamwia mashaka, amfuate Imam Malik. Kwani ni matamanio gani aliyo nayo mke anayempangusa miguu mume asiyeweza kujigeuza? Twamchagua Malik hapa kuliko Abu Hanifa kwa sababu ya kifiqhi: mgonjwa wa mashine hutokwa na damu, na kutiririka kwa damu hutangua udhu kwa Abu Hanifa, wala hakuutangui kwa Malik wala kwa Shafii. Wapo watakaosema kuwa huku ni kuhama madhehebu. Madhehebu yaliwekwa ili watu wasali, na mtu wetu ameacha sala.

Asiyeweza maji kabisa atayamamu kwa udongo safi wenye vumbi, mke amletee katika kibweta kidogo kutoka nyumbani. Wako wagonjwa ambao daktari huwakataza udongo usiwakaribie, kwa kuwa dawa zao zimeudhoofisha mwili usiweze kupigana na vijidudu. Hao wachukue kauli ya Malik na Abu Hanifa inayojuzisha jiwe hata likiwa halina vumbi: jiwe lililooshwa likakauka, likawekwa kando ya kitanda. Mwenye mpira wa mkojo atawadhe wakati wa sala uingiapo kisha asali papo hapo, na kitokacho baadaye hakimdhuru. Na ambaye saa nne za mashine zitamla Adhuhuri au Alasiri, aziweke pamoja. Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu haikuruhusu kukusanya sala kwa ugonjwa, lakini Imam Ahmad ameruhusu, na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya Mashafii, ameipa nguvu kauli ya kujuzu.

Tena kuna hukumu moja inayowafaa zaidi wanandoa kuliko watu wengine wote. Uchi wa mgonjwa kwa nesi na daktari hutazamwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kwa mume na mke hakuna kipimo. Yeye ndiye mtu wa pekee awezaye kumwosha, na kumbadilisha nguo, na kumweka choo, bila ya mgonjwa kuona kuwa sitara yake imevunjwa. Tumewaona wanaume wazima wakilia kwa haya, si kwa maumivu, na haya hiyo ikawaondoka mke alipoingia.

Wenye kuzuru tuna neno moja kwao: wasikae sana, wala wasisimulie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo.

Lililobaki ni wasia, na watu huuogopa kuutaja kana kwamba ndio uletao mauti. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga hata akaona amekwisha, akataka kuusia mali yake kwa wingi. Mtume alimwekea mpaka wa thuluthi na akamwambia kuwa hiyo nayo ni nyingi. Saad akaishi miaka mingi baada ya hapo. Mgonjwa aandike madeni yake, anayodaiwa na anayodai, maadamu ulimi wake u mwepesi. Na katika madeni, mume asilisahau lile la mahari. Wengi wameozwa kwa mahari yaliyoandikwa na kadhi yakabaki karatasini, na mke kwa haya hayataji, khasa mume akiwa kitandani. Yeye hana haja ya kuyataja. Mume na ayataje mwenyewe mbele ya mashahidi wawili: ni kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, na kilichobaki kitatoka wapi kabla ya urithi kugawanywa. Na kama mke, kwa radhi yake na bila ya kuombwa, atamsamehe, basi hilo nalo liandikwe.

Wallahu aalam.